Nywele za Mama Mkwe kwenye Kinyago cha Bali

Tangu nirudi, kila Ijumaa tukitoka msikitini Mayfair, hapa Johannesburg, mnanishika shati: "Fundi, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Nami naanza vizuri tu, kisha mmoja anakumbuka gari lake ameliacha mahali pabaya, mwingine anafuata harufu ya sambusa, na habari inakatikia njiani. Sasa nimekaa hapa gereji, nimefunga mlango, naandika yote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, maana hata mimi mwenyewe yalinichosha. Mkishasoma msiniulize tena, ninywe chai yangu kwa amani.

Gereji, Observatory

Kwa wale waliojiunga nasi juzi: mimi ni Mmakonde wa Newala, kazi yangu kuchonga. Mke wangu Nomsa alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa vita vya ukombozi wa huku Afrika Kusini. Nchi ilipokombolewa walirudi, na miaka ikapita, na Nomsa akanivuta nami nikaja. Mama yake, ambaye nyumba nzima inamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, yuko Soweto. Huyo Gogo mshikeni vizuri kichwani, ndiye mwenye habari hii.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Made, mwanamke wa kisiwa cha Bali kule Indonesia, mcheza ngoma, aliyeolewa na kijana wa hapa. Siku moja aliniletea kitu kimefungwa kitambaa cheupe na cha njano, kakibeba kwa mikono miwili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kinyago cha mzee: uso mweupe, macho yamezama, mashavu yamebonyea, na mdomo unataka kucheka lakini unajizuia. Ni kinyago cha baba yake. Alipoolewa, baba alimpa aondoke nacho, kwa kuwa katika watoto wote ni yeye tu aliyeishika ngoma. Naye alikitundika sebuleni, nondo wakala nywele zote, ndevu na masharubu, na rangi ikabanduka kwenye paji la uso.

"Baba anakitaka," alisema, na machozi yakamtoka. "Sikukuu ya hekalu letu imefika. Ana miaka themanini na mbili, anasema anacheza mara ya mwisho. Sijamwambia kuhusu nondo."

Mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, ndege hazimchukui. Ndipo Nomsa, bila kunitazama, akasema, "Huyu atakitengeneza, na huyu atakipeleka." Mimi ndiye huyu.

Kabla sijakigusa, Made alikuja gereji na kijikapu cha jani chenye maua, wali kidogo na udi. Akapiga magoti mbele ya meza yangu ya randa, akakiomba kinyago ruhusa kipumzike hadi kazi iishe. Alinieleza kwamba kinyago kama kile kina uhai uliowekwa kwa ibada, na mtu hakitengenezi kikiwa macho. Sikucheka hata kidogo. Kwetu nasi mti hauangushwi kwa kinyago kabla haujaambiwa maneno, na mapiko yetu, vinyago vya ngoma za jando, yana mambo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi.

Rangi haikunishinda. Made alikuwa na pakiti ndogo ya unga mweupe wa asili kutoka kwao, nikauchanganya na gundi, nikawa nalamba ncha ya brashi ili ikae vizuri, tabaka juu ya tabaka. Tatizo lilikuwa nywele. Made alisema huwa ni za mbuzi au farasi. Lakini mimi ni Mmakonde, jamani. Uso wa mtu mzima kuuvika manyoya ya mbuzi, mkono wangu ulikataa kabisa. Kwetu kinyago huwekwa nywele za mtu, moja moja, kwa nta ya nyuki.

Na nywele nyeupe za mtu nilikuwa nazo, ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Mwezi mmoja nyuma Gogo alikuja kwetu, mikono inamuuma hawezi tena kusuka, akamwambia Nomsa azikate. Zilikuwa nywele za miaka sita, nyeupe pe, laini kama pamba. Nomsa alinipa bahasha akaniambia, "Gogo anasema zichomwe zote, usiache hata moja." Nikasema sawa. Sikuzichoma. Fundi akiona kitu kizuri mkono wake unakuwa na akili zake, na mkono wangu ulizificha kabla sijaamua.

Wote mnajua mama mkwe ni nani. Kwetu hata kumtazama usoni ni kazi, na kwao Wazulu ndiyo usiseme. Miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa sijawahi kumpigia simu mwenyewe. Salamu zote zilipita kwa Nomsa. Nami nikamwibia nywele za kichwani. Made alipoona kinyago kimekamilika alipiga makofi, akauliza nywele nimezipata wapi. Nikajibu, "Za hapahapa tu." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia Johannesburg ikafika Bali.

Kutoka Johannesburg, na siku ambayo nchi nzima ilinyamaza

Made alinipa masharti matatu. Kinyago kisiwekwe chini. Kisikae chini ya kiuno cha mtu. Mtu asikiruke. Nikakitia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikakipakata. Ndani ya ndege hakukuwa na shida, maana kile kisanduku cha juu ya vichwa ndipo mahali pake hasa. Shida ilikuwa mvua. Alasiri ile radi zilipiga Johannesburg hata tukakaa ndani ya ndege saa tatu bila kuondoka, na tulipofika Singapore ndege yangu ya Bali ilikuwa imeshakwenda.

"Nipe ya kesho," nikamwambia dada wa kaunta.

"Kesho hakuna ndege ya Bali."

"Ya shirika lingine?"

"Hakuna ya shirika lolote. Kesho Bali imefungwa."

Nilidhani kuna vita. Kumbe ni mwaka mpya wao, siku ya kunyamaza. Hakuna anayetoka nje, hakuna anayewasha moto wala taa, hakuna kazi, na uwanja wa ndege nao unafunga kama duka. Wanasema pepo wabaya wakipita juu wataona giza na kimya, watadhani kisiwa hakina watu, watakwenda zao. Nilihesabu vidole. Ningefika Ijumaa. Ibada ya kukiamsha kinyago ilikuwa Jumamosi asubuhi, na ngoma Jumapili. Siku hizo hupangwa kwa kalenda yao, hazisogezwi kwa ajili ya fundi aliyenyeshewa Johannesburg.

Usiku wa kwanza, mchana mzima na usiku wa pili nimekaa uwanjani na kikapu mapajani, nakula magwinya ya Nomsa, yale maandazi ya huku. Siku ya kwanza magwinya ni kitu kitamu. Siku ya pili yanakuwa jiwe. Jambo lililonitesa zaidi ni choo: Made hakusema waziwazi, lakini hata mjinga anajua huwezi kuingia na mzee wa watu chooni. Nikajikaza, nikajikaza, mpaka mama mmoja wa makamo mwenye mtandio, aliyekaa kiti cha pili, akanitazama nilivyokuwa najipinda.

Alikuwa Mjava, Mwislamu mwenzetu, anarudi nyumbani baada ya kufanya kazi za ndani za watu kwa miaka mingi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na changu cha gereji, tukaelewana vizuri. Alionyesha ukingo wa kitambaa cha njano uliochungulia kwenye kikapu. "Bali?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Bila neno akafuta mikono kwenye nguo yake, akainyosha. Nilikwenda chooni, nikatawadha, nikaswali kabisa. Niliporudi nilimkuta vilevile, kikapu kakiinua usawa wa kifua.

"Ungekiweka kitini," nikamwambia.

"Hukuniambia kama inaruhusiwa," akajibu.

Nikampa magwinya mawili. Aliuma moja, akanitazama, akacheka hadi akafunika mdomo. Naye akanipa ndizi za kukaanga na pilipili ya kusaga iliyonitoa machozi mbele ya watu. Huyo mama namwombea dua mpaka leo, na jina lake sikuuliza.

Akina Wayan

Made alikuwa ameniambia, "Kaka yangu Wayan atakupokea." Nikatoka nje ya uwanja Ijumaa asubuhi, nikaita kwa sauti, "Wayan!" Wakageuka wanaume sita.

Wa mbele alitabasamu, akachukua begi langu, nikamfuata. Tukaenda mwendo wa saa nzima kwa furaha. Kila mlango una kijikapu cha maua, na njiani mmejaa mabaki ya masanamu makubwa ya mapepo waliyoyatembeza kabla ya siku ya kimya. Nikamuuliza, "Made atajifungua mwezi ujao, umefurahi?" Akaniuliza, "Made yupi? Nawajua kama arobaini."

Hapo ndipo nilipofundishwa. Kwao mtoto wa kwanza ni Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, na wa tano wanaanza upya. Huyu alikuwa dereva wa teksi tu, kaitwa akaitika. Wayan wangu alibaki uwanjani na kibao cha jina langu hadi adhuhuri.

Huyu wa teksi, Mungu ampe heri, hakuniacha. Alimpigia Made, akaandika jina la kijiji kwenye kiganja, akageuza gari. Njiani alinipitisha kwenye mkahawa wa Mwislamu ili nile bila wasiwasi: wali, yai, na kitu cha maharage ya soya kilichogandishwa kikakaangwa. Nilikula sahani mbili. Baada ya magwinya ya siku mbili, ningekula na sahani yenyewe.

Nyumbani kwa Pekak

Baba yake Made kila mtu anamwita Pekak, yaani babu. Ni mwembamba, miguu ya kuku, lakini akiinua mkono tu unajua huyu ni mcheza ngoma. Wayan halisi alifika kanuna, akanisamehe kwa kikombe cha kahawa, akawa mkalimani wetu.

Pekak hakuniuliza habari za safari. Alivaa kitambaa kichwani, akafukiza udi, akafungua kitambaa cha njano. Aliupapasa uso wa kinyago kwa kidole gumba, taratibu, kila tabaka la rangi.

"Nani kapaka?"

"Mimi."

"Mkono mzuri," akasema. Nikavimba kichwa.

Kwa kiherehere nikamweleza jinsi nilivyolamba brashi. Wayan alitafsiri nusu, akasita, akatafsiri iliyobaki. Pekak akanitazama kwa huruma kubwa. Unga ule mweupe, wakanieleza kwa upole, hutengenezwa kwa mfupa wa taya la nguruwe.

Astaghfirullah. Nilisukutua mdomo kwa ndoo nzima ya maji, wao wakinishikia taulo. Msihangaike kunitumia ujumbe. Ustadhi nimeshamuuliza, akasema asiyejua hana dhambi, kisha akacheka kuliko ilivyompasa ustadhi.

Niliporudi kukaa, Pekak alikuwa amezishika nywele. Alizisugua kwa vidole viwili. Akazinusa.

"Hizi si za mbuzi."

Akazigeuza kwenye mwanga.

"Ni za mtu. Za mtu mzima sana, mwanamke." Sijui alijuaje. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kwamba ziko hapa?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema ukweli wote: bahasha, kopo la maziwa, mama mkwe. Wayan alipofika kwenye neno mama mkwe aliacha kutafsiri, akapiga mluzi mdogo.

Pekak hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema nywele za mtu si vibaya. Vipo vinyago vikubwa kwao vyenye ndevu za nywele za watu, navyo vinaheshimiwa sana. Lakini anayetoa lazima atoe mwenyewe, kwa mdomo wake. "Kesho tunakiamsha. Kikiamka kimevaa kitu cha wizi, mimi siwezi kuingiza uso wangu humo."

"Nizing'oe," nikasema. "Tuweke za mbuzi."

Akaonyesha nilivyozipandikiza moja moja kwa nta, na rangi juu yake. Kuzing'oa kungebandua nusu ya uso, na kuponya uso ule kungechukua wiki. Alikifunika kinyago kwa kitambaa, akakiweka juu ya rafu yake. Akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kama haiwezekani, basi haiwezekani, hatacheza. Nilimwona akijipapasa goti. Mzee kasubiri uso wake miaka yote hii, na mimi nimemletea ukiwa umefungwa kwa kosa langu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Simu ya Soweto

Ilikuwa saa kumi alasiri Bali, saa nne asubuhi Soweto. Nilimpigia Nomsa kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi sikuziiba. Mpigie mwenyewe," akakata.

Simu ya picha ikaita. Akatokea Gogo na aproni, nyuma yake sufuria inachemka. Mimi nikatazama chini.

"Haibo! Mkwenyana? Nomsa amekufa?" Mkwenyana ndiye mimi, mkwe, kwa Kizulu.

"Hapana, Mama. Shikamoo. Nomsa mzima."

"Marahaba. Sasa nani amekufa?"

"Hakuna, Mama." Nikamweleza. Sikuficha hata kopo. Nilipomaliza alipunguza moto, mfuniko wa sufuria ukaacha kurukaruka.

"Umechukua nywele za kichwa changu," akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Morogoro, "nilizosema zichomwe. Ukazipandisha ndege. Ukampa mwanaume nisiyemjua."

"Ndiyo, Mama."

"Eish, Selemani!" Alikuwa hajawahi kunitaja jina. "Unajua mtu mbaya anaweza kufanya nini na nywele za mtu?"

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Nionyeshe."

Pekak alikuwa ameshasogea. Akafunua kitambaa, akainua kinyago karibu na simu, akakiinamisha kidogo upande mmoja, kama mzee anayemsikiliza mtu. Naapa kilipumua. Nywele za Gogo zilizojiviringa zimekizunguka uso, na masharubu kidogo. Mzee wa Bali kabisa, mwenye kichwa cha Soweto.

Gogo akavaa miwani. Akatazama muda mrefu.

"Huyu mzee kwenye ngoma anafanya nini?"

Pekak akajibu, Wayan akatafsiri kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili: ni mzee aliyekuwa hodari zamani. Anasimama ili acheze kama alivyocheza ujanani. Anachoka, anapumzika, anaona aibu, anasimama tena.

"Basi huyo ni mimi," Gogo akasema, na sauti ikabadilika. "Mwambie nilitoka kwetu usiku na gauni moja, nikakaa Morogoro miaka ishirini na mbili. Watu wa Morogoro hawakuniuliza nimetoka wapi, walinipa sufuria. Nywele zangu zimezoea ugenini. Mwambie nimempa. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Magoti yangu yamekataa, basi hizo zicheze."

Pekak alielewa kabla ya kutafsiriwa. Akaunganisha viganja, akaviinua hadi kwenye paji la uso. Mimi nililia, sioni haya kusema.

"Na wewe," Gogo akanirudia, "una faini. Kila Jumapili utanipigia mwenyewe. Si kupitia Nomsa. Umeshanishika kichwa, utaogopa simu?"

Hekaluni

Jumamosi kinyago kiliamshwa, kwa maji, moshi na kengele ya kuhani. Nilikaa nje ya ukuta, kwa kuwa hiyo ni ibada yao nami nina yangu, na Wayan akaniletea kuku aliyechinjwa na Mwislamu wa kijiji cha jirani. Jumapili nikavaa kikoi changu cha Mtwara, wakanifunga mshipi na kitambaa cha kichwa, vikongwe wakakishika kikoi na kuulizana bei. Wakanikalisha uani, wanapokaa watazamaji.

Saa tisa alasiri ngoma za shaba zilianza. Nikainua simu. Soweto ilikuwa saa tatu asubuhi, na Gogo alikuwa na kofia ya kanisani kichwani. Ibada ilikuwa imeshaanza, akasema, Mungu atamsubiri.

Vinyago vingine vilipita kwanza, mawaziri wenye macho ya kutisha na miguu ya kukanyaga. Kisha pazia likatikisika, zikatokea nywele nyeupe. Yule si Pekak niliyenywa naye kahawa. Alikuja hatua moja, akasimama, akatweta. Akanyosha kidole kinachotetemeka, akakumbuka jambo, bega likaruka kwa ujana, goti likamsaliti. Watu walicheka na papo hapo wakanyamaza. Alijishika kiuno, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba tumemwona uchi, kisha akainuka tena na kuzunguka uwanja mzima, polepole, bila kuanguka. Mwanamke kando yangu alikuwa anafuta macho. Kwenye simu Gogo alikuwa ameusogeza uso hadi ukajaza kioo.

Karibu na mwisho mzee akaketi, akaanza kujikuna. Akaingiza vidole kwenye nywele, akatafuta, akapata kitu, akakitazama kwa makini, akakibana kati ya kucha mbili. Ndivyo ngoma ile inavyochezwa tangu zamani, mzee anatoa chawa. Lakini Gogo hakujua.

"Selemani!" simu ikapiga kelele hadi hekalu zima likageuka. "Mwambie huyo baba nywele zangu hazina chawa!"

Nikamwambia Wayan kwa Kiingereza, naye akatafsiri. Uwanja mzima uliangua kicheko, na mabega ya mzee yalitikisika ndani ya ngoma yake, sijui kwa sanaa au kwa kicheko cha Pekak mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo Wayan anasema halimo katika ngoma. Akalainisha nywele kwa kiganja, taratibu, akaiinamia simu yangu.

Pekak hatacheza tena, ila kinyago kimebaki kwake, kwenye rafu ya juu, na Made atakifuata mwanawe akikua kidogo. Amejifungua salama, mvulana, mtoto wake wa kwanza, na bila shaka mnaweza kukisia anaitwa nani. Mimi nimerudi kwenye randa yangu, na faini nailipa. Jumapili iliyopita nilipompigia Gogo, nikamwamkia vizuri, nikangoja aniulize habari za Nomsa, au za kazi, au za mgongo wangu.

"Marahaba," akasema. "Wale wa Bali wamesema nini? Nywele zangu hazijambo?"